Mashoto na kwilti: kitambaa kinapokatika vibaya

Kabla ya kuulaumu mkono, pima kosa. Chukua ukanda wa kitambaa ulioharibika ulipokuwa unakatia kwilti (lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoshonwa pamoja), uulaze chini ya rula, uone umekosea kwa kiasi gani na kwa namna gani. Uliozidi nusu inchi kamili kutoka mwanzo hadi mwisho una chanzo chake. Uliozidi milimita mbili tatu una chanzo kingine. Unaoanza sawa kisha ukapanuka ni habari tofauti, na ule uliopinda katikati kama kiwiko hauhusiani na hao wote. Mimi ni mashoto, na kwa muda mrefu nilikuwa natupa kanda kapuni bila kuzipima, nikijiambia kwamba mkono wangu ni mzito.

Kisu cha gurudumu nitakachokitaja humu ni kile chenye wembe wa duara unaoviringika. Kampuni ya OLFA ya Japani ndiyo iliyokitoa, mwaka 1979. Kabla yake vipande vya kwilti vilikatwa kwa mkasi, kimoja kimoja, kwa kufuata kiolezo. Siku hizi kazi kubwa ni ya kisu, lakini mkasi haujaondoka mezani, na ndio wenye kero kongwe zaidi kwa sisi wa kushoto. Nianze nao.

Mkasi unatafuna kitambaa

Unafunga mkasi, kitambaa kinaingia katikati ya mabapa mawili na kujikunja humo bila kukatika. Au kinakatika nusu, nusu nyingine inachanika na kuacha nyuzi. Pamba nyembamba ya safu moja ndiyo inayoteseka zaidi. Watu watakuambia mkasi ni butu. Usikimbilie kuunoa. Mpe mtu anayetumia mkono wa kulia mkasi huohuo akate kitambaa hichohicho. Ukikata vizuri mkononi mwake, makali hayana kosa.

Mkasi hautegemei makali peke yake. Unakata kwa sababu mabapa yanabanana yanapopishana, na nguvu ya kuyabana inatoka mkononi mwako. Mkono unapofumba, dole gumba husukuma kwenda mbali na kiganja, vidole huvuta kuja kiganjani. Mkono wa kulia ukiwa na mkasi wa kulia, msukumo huo unayabana mabapa. Mkono wa kushoto nao hufumba vilevile, ila kwa upande wa pili, na kitendo kilekile kinayatenganisha. Uwazi wenyewe ni mdogo, lakini kitambaa nacho ni chembamba, kinapita.

Kujua mkasi ulionao ni wa mkono gani ni kazi ya sekunde tano. Ushike ncha zikitazama mbele, ufungue kidogo, utazame bapa lililo juu. Likiwa upande wa kulia, mkasi ni wa kulia. Sasa ugeuze, tumbo liwe mgongo: bapa jingine limekuwa la juu, nalo liko kulia vilevile. Ndiyo maana kuugeuza mkasi hakuleti nafuu yoyote, ingawa sidhani kama kuna mashoto ambaye hajawahi kujaribu. Kwenye mkasi wa kushoto, bapa la juu liko kushoto daima.

Jihadhari na mkasi unaouzwa kuwa ni "wa mikono yote". Mara nyingi kilichosawazishwa ni mpini tu. Matundu yanalingana, dole gumba haliumii, lakini mabapa ni ya kulia kama kawaida. Ukiuchukua kwa sababu umekaa vizuri mkononi, umenunua mpini.

Kama huna mwingine, vuta dole gumba lije kiganjani na sukuma vidole viende nje huku unafumba. Mabapa yatabanana, kitambaa kitakatika. Wengi wetu tulijifunza hivyo utotoni bila kuelezwa. Kwa vipande kumi haina neno. Kwa kwilti nzima, shina la dole gumba litakuuma hadi usiku.

Umepata mkasi wa kushoto, na unakata vibaya kuliko ule wa zamani

Hili linawakatisha watu tamaa kuliko jingine lolote, nami nilikuwa mmoja wao. Mkasi wangu wa kwanza wa kushoto ulikuwa mpya, mzito, makali kama wembe. Nilikata mstari wa inchi nane, ukingo ukatoka kama umepitiwa na panya. Nikaurudisha kwenye boksi lake na kuendelea na ule wa kulia kwa miezi kadhaa, nikiamini nimeuziwa kibovu.

Mkasi haukuwa kibovu. Kile kivuto cha dole gumba nilichokieleza hapo juu kilikuwa kimeshakuwa tabia. Mkono ulikuwa bado unavuta kuja kiganjani, na kwenye mkasi wa kushoto kivuto hicho ndicho kinachoyaachanisha mabapa. Yaani dawa ya ugonjwa wa zamani imekuwa ndiyo ugonjwa mpya.

Tiba yake ni mabaki na subira. Chukua vitambaa usivyovihitaji, ulaze bapa la chini liteleze juu ya meza, ufumbe mkono bila kuvuta wala kusukuma popote. Legeza dole gumba kabisa. Kata kwa urefu wote wa bapa, usikate kwa ncha ncha, kwa sababu ukikata kidogo kidogo mkono unarudia tabia yake bila wewe kuhisi. Siku ya kwanza utakasirika. Baada ya siku kadhaa utashangaa jinsi mkono ulivyo mwepesi.

Jicho nalo lina tabia zake. Kwenye mkasi wa kulia ulioshikwa kushoto, bapa la juu linafunika mstari uliouchora, hivyo umezoea kuinamisha kichwa upande au kukisia. Mkasi wa kushoto unauweka mstari wazi mbele yako, lakini kwa muda utaendelea kukisia na kukata pembeni kidogo. Shingo ikinyooka, mstari utanyooka.

Ukiupeleka kunolewa, mwambie mnoaji waziwazi kwamba ni wa kushoto. Mwinamo wa makali yake umegeuzwa, na mtu aliyezoea kazi moja anaweza kuunoa upande usio wake. Ukirudi nao nyumbani, ujaribu kwenye kitambaa chembamba hadi nchani kabla hujaugusisha kwenye kazi.

Mkasi wa zigizaga na ule wenye bapa pana kama mdomo wa bata, unaotumika kwenye viraka vya kushonwa juu, una ugonjwa huohuo. Wa mdomo wa bata ni mbaya zaidi, kwa sababu lile bapa pana linatakiwa likae upande maalumu ili likinge kitambaa cha chini. Likikaa upande usio wake, unaweza kutoboa kwilti yenyewe.

Ukanda umezidi milimita chache, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho

Hapa tumefika kwenye kisu. Kiweke mezani, ukitazame kutoka nyuma, kama unavyokiona unapokitumia. Wembe uko upande gani wa mpini? Kwa mashoto rula inakaa kulia kwa kisu, kwa hiyo wembe unatakiwa uwe upande wa kulia wa mpini, ugusane na rula. Visu vingi vinakuja vikiwa vimefungwa kinyume chake. Ukikitumia hivyo, kinachogusa rula ni mpini au kikinga wembe, na wembe wenyewe unapita pembeni kwa umbali wa unene wa plastiki hiyo. Huo unene ndio milimita zako.

Kuna wanaokwepa tatizo kwa kukilaza kisu ili wembe uifikie rula. Ukanda wa juu unatoka sawa. Angalia wa chini kabisa kama umekata safu nne: wembe umeingia kwa mshazari, na safu ya chini si sawa na ya juu. Kama umewahi kukata kanda nne kwa mpigo zikatoka na upana wa ngazi, sasa unajua.

Karibu visu vyote vyenye mpini ulionyooka vinaruhusu kuuhamisha wembe. Piga picha kwanza. Fungua nati, toa washa (kile kipete cha chuma kilicho chini ya nati), toa wembe na bolti, kisha urudishe vyote kwa mpangilio uleule ila kutoka upande wa pili. Kama washa imepinda, izingatie ilikuwa imetazama wapi. Vipande hivi ni vidogo na wembe hauna huruma, hivyo fanyia juu ya kitambaa cheupe, usifanyie magotini. Visu vyenye mpini uliochongwa kwa umbo la kiganja ni habari nyingine: baadhi vimechongwa kwa mkono wa kulia tu, na hivyo havibadilishiki. Angalia hilo kabla ya kununua.

Wembe umehamishwa, sasa kisu kinaruka nyuzi

Ukikivuta kipande, nyuzi mbili tatu zimebaki zimeshikana. Chukua rula, pima kutoka sehemu iliyorukwa hadi inayofuata.

Zikijirudia kila baada ya sentimita 14 hivi kwenye wembe wa milimita 45, wembe una pengo sehemu moja, na sentimita 14 ndiyo mzunguko wake mzima. Kwa wembe wa milimita 28 utaona karibu sentimita 9, kwa wa 60 karibu sentimita 19. Pengo kama hilo hutokana na kukanyaga pini au kugonga ukingo wa rula, na mashoto anayejifunza upya upande wa wembe hugonga rula mara nyingi mwanzoni. Badilisha wembe tu.

Zikiwa hazina mpangilio, usibadilishe chochote kwanza. Nyanyua kisu, uburute wembe polepole juu ya mkeka wa kukatia. Usipoviringika kwa wepesi, umekaza nati kupita kiasi ulipokuwa unairudisha. Wembe unaoburuzwa bila kuviringika unachubua, haukati. Legeza kidogo hadi uviringike bila kucheza pembeni. Kama unaviringika vizuri, fungua utoe vumbi la pamba lililojazana kati ya wembe na kikinga. Bado? Angalia mkeka. Mkeka uliokatwa mstari uleule miaka na miaka una mfereji, na kitambaa kinazama humo badala ya kukatwa.

Kukandamiza zaidi si jibu kwa lolote kati ya hayo. Unachoongeza ni hatari ya mkono kuteleza.

Ukanda umezidi nusu inchi kamili

Ukiona nusu inchi isiyo na pungufu, huo si mkono. Ni rula.

Rula nyingi za kwilti zina upana wa inchi 6½. Ile nusu ya ziada iko upande mmoja tu. Anayetumia mkono wa kulia hukata kwenye ukingo wa kulia wa rula, akihesabu inchi kamili kutoka hapo, na ile nusu inakaa kushoto. Wewe unakata kwenye ukingo wa kushoto. Ukiiweka rula kama inavyoonekana kwenye picha za maelekezo, unaanza kuhesabu kutoka kwenye nusu. Tazama mstari ulioandikwa 3: kutoka kulia ni inchi 3, kutoka kushoto ni inchi 3½. Macho yanasoma 3, kisu kinakata 3½, na hakuna kinachoonekana kibaya hadi vipande vinapokataa kukutana kwenye mshono.

Igeuze rula, kichwa kiwe miguu. Nusu inchi itahamia kulia na inchi kamili zitaanzia kushoto kwako. Kama namba zimeandikwa kwa upande mmoja tu, sasa zimepinduka, na kusoma 6 iliyopinduka kama 9 si jambo la kuchekesha usiku wa manane. Rula zenye namba za pande zote mbili zipo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua hizo. Usipokuwa nayo, bandika kipande cha karatasi ya gundi yenye rangi kwenye mstari unaoutumia na uache kabisa kusoma namba. Mimi hufanya hivyo hata kwenye rula nzuri.

Mkeka nao umeandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kwako sifuri iko upande usio wake. Kwenye mkeka wa inchi 24, kukata inchi 5 kutoka kulia kunakutaka usimame kwenye 19. Kwa inchi 3½ utafute 20½. Usijitese na hesabu hizo. Pima kwa rula, mkeka uuache uwe wa kulinda meza, na kama mgongo wake hauna mistari na unafaa kukatiwa, ugeuze.

Mikono inapishana juu ya rula

Ukijikuta mkono wa kulia umevuka chini ya wa kushoto, simama na ufunge kisu. Si suala la ustadi. Umepanga kitambaa kwa kufuata picha ya mtu wa mkono wa kulia.

Mpangilio wako uko hivi. Unaponyoosha ukingo kwa mara ya kwanza, kitambaa chenyewe kinalala kulia, rula iko juu yake, kipande cha kutupa kinabaki kushoto, na unakata ukisukuma kutoka kwako kwenda mbele. Kisha zungusha mkeka mzima, si kitambaa, ili ukingo ulionyooshwa uwe kulia na shehena iliyobaki ilale kushoto. Rula inafunika ukanda unaoutaka, mstari wa kipimo unakaa juu ya ukingo ulionyooshwa, kisu kinapita kushoto. Ukigeuza kitambaa kwa mikono badala ya mkeka, safu zinahama na kazi ya kunyoosha imepotea.

Taa pia iwe kulia. Ikiwa kushoto, kivuli cha mkono kinaangukia palepale wembe unapopita.

Ukanda unaanza sawa, unaishia mpana au mwembamba

Rula imesogea. Mkono wa kulia ndio unaoishika, na kwa mashoto ni mkono dhaifu unaofanya kazi ya nguvu. Tanua vidole juu ya rula, kidole cha mwisho kitoke nje ya ukingo wa kulia na kushika mkeka. Hicho peke yake kinazuia rula kuzunguka. Ukifika usawa wa vidole, simamisha kisu bila kukinyanyua, tembeza mkono mbele, endelea. Vipande vidogo vya msasa laini vilivyobandikwa chini ya rula vinasaidia sana. Kata kanda fupi kwanza hadi mkono huo uzoee mzigo.

Ukanda una kiwiko katikati

Ufungue ukanda uliokatwa kwenye mkunjo. Ukiwa na pembe mahali palipokuwa na mkunjo, kisu hakikukosea. Mkunjo haukuwa na pembe mraba na ukingo uliokata. Kila mkunjo ni pembe moja, na kitambaa kilichokunjwa mara mbili kina mikunjo mitatu, kwa hiyo kinatoa viwiko vitatu. Laza mstari mmoja wa rula sawasawa na mkunjo kila unapokata, na baada ya kanda tatu au nne nyoosha ukingo upya. Hili linawapata wa mikono yote, ila linatupata sisi zaidi tunapogeuza kitambaa ovyo kufuata picha isiyo yetu.

Vipande vimetoka kinyume

Hapa mashoto mwangalifu ndiye anayeumia. Umeshajifunza kugeuza kila kitu: kisu, rula, mpangilio wa meza. Unafika kwenye pembetatu ndefu, zile zinazotokana na kukata mstatili kutoka kona hadi kona, unageuza na maelekezo yake pia. Walisema kata kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia. Wewe ukakata kutoka chini kulia hadi juu kushoto. Mraba ungekusamehe. Mstatili haukusamehi. Pembetatu zako zote zinaegemea upande wa pili, na hakuna namna ya kuzizungusha zikafaa. Umbo la mshazari lenye pande nne lina tabia hiyohiyo.

Geuza namna ya kukata, usiguse kipande chenyewe. Mstari wa kona hadi kona ubaki ulivyochorwa. Wewe ndiye unayezungusha mkeka hadi mstari huo ukae mahali mkono wako wa kushoto unapoufikia vizuri. Kata kitambaa kikiwa safu zisizokunjwa, upande wa maua ukitazama juu kwenye safu zote. Kitambaa kilichokunjwa kinatoa kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto kila ukatapo, kwa mtu yeyote. Kabla ya kukata vyote, kata kimoja, ukilaze juu ya mchoro.

Kama umeshakata vyote, angalia kitambaa chenyewe. Cha rangi moja kisicho na mgongo wala uso, pindua tu vipande na uendelee. Chenye maua hakipinduliki. Kata idadi ileile kwa upande sahihi na uvipange viwili viwili, cha kulia na cha kushoto vikitazamana. Kwilti iliyo juu ya kitanda changu ina safu nzima ya vipande hivyo, na mgeni mmoja aliniuliza mchoro wake niliupata wapi.